Maneno Kumi ya Jumatatu

Twaha mwanangu,

Tangu dunia iumbwe hajatokea lainbeka, mlinzi wa kati wa futiboli ya Kimarekani, bora kuliko mimi kutoka Tanga. Usiniulize wametokea wangapi. Na hapa Birmingham, kuanzia Longbridge hadi huku kwetu Kingstanding, bado wapo wanaume wazima wenye mabega kama milango ambao wakiniona dukani wanahamia rafu nyingine, na mimi nimeshika vitunguu tu.

Hali yangu sikuelezi, maana umetoka hapa robo saa iliyopita kwenda kunyoa, na uliniacha mzima nikimalizia chapati zako. Mama yako yuko juu anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya soksi, koti zito, dawa ya kikohozi na kumpigia bibi yako kila Ijumaa ni yake, ameshakuimbia mpaka umeyashika. Mimi nina jambo moja tu. Kinyozi wako ana foleni ndefu kila Jumamosi, kwa hiyo nina muda wa kulifikia polepole.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Najua wewe ukisemeshwa Kiswahili unajibu Kiingereza, lakini bibi yako alikufundisha kukisoma, na unakisoma taratibu ukifuata kwa kidole. Hivyo ndivyo ninavyotaka uisome hii. Halafu Kiingereza changu cha kuandika ulishakiona kwenye ile barua niliyompelekea mwalimu wako. Uliirudisha nyumbani umeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikusema kitu siku ile. Leo nasema: ulikosa adabu, na ulikuwa sahihi.

Jambo lenyewe ni la Jumatatu. Juzi mezani ulitusomea ratiba waliyokutumia Wajerumani wako wa timu mpya. Asubuhi vipimo vya mwili, kisha mtihani wa kichwa, mchana unakabidhiwa helmeti na jezi. Ulipofika kwenye mtihani wa kichwa ukanikonyeza. Ukasema utafanya kama baba. Mimi nikacheka, mama yako hakucheka, na mpaka leo kile kicheko kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kufanya kama baba maana yake ni ule ujanja niliokufundisha mwenyewe, hapa hapa jikoni, ulipokuwa na miaka kumi na sita, mbele ya rafiki zako wawili ili nionekane mtu. Siku ya kwanza daktari wa timu anakusomea maneno kumi. Anakuzungusha na maswali mengine, kisha anakwambia uyarudie. Unajifanya unakumbuka matatu. Anaandika kwenye faili kwamba kichwa cha huyu ndivyo kilivyo. Basi siku ukigongwa kweli, wanakupima tena, ukipata manne wanasema umepona, unarudi uwanjani. Nilikwambia kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo. Nilikwambia lainbeka akikaa benchi wiki mbili, akirudi anakuta mtu ndani ya viatu vyake. Rafiki zako walinipigia makofi.

Sasa ngoja nikupe na yale ambayo sikuyasema, maana siku zote nakupa ya utamu.

Unajua nilikuja hapa na bibi yako nikiwa na miaka kumi na moja. Shule na mimi hatukupatana. Wakiniuliza kitu ninachokijua, jibu linakuja kwa Kiswahili, nikilitafutia Kiingereza chake wameshahamia kwa mtoto mwingine. Nikaona rahisi kuwa mchekeshaji. Nilipofika kumi na tano nikaacha kwenda kabisa, nikawa nazurura kwenye viwanja vya nyuma ya nyumba zetu. Hapo ndipo nilipomkuta Ami yako Jaspal.

Unamjua Jaspal wa sasa, mzee wa kitambi na gari safi. Yule wa wakati ule alikuwa amevaa helmeti juu ya kilemba chake kidogo, pedi za mabega zilizofungwa kwa kamba ya viatu, anakimbia na kujigonga kwenye gunia la mchanga. Nilidhani ametoroka mahali. Nikasimama namwangalia. Kiswahili chake, ambacho bibi yake alikibeba kutoka Kisumu, kikanijia kutoka pembeni nisikotegemea.

"Wewe kijana, unaangalia nini hivyo? Kuja ugongwe kidogo."

"Nani anigonge? Wewe na hilo sufuria kichwani?"

"Kuja tu. Ukilia nitaita mama yako."

Nikaenda. Nikagongwa. Sikulia, lakini sitakudanganya, nilikaa kwenye nyasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Wiki iliyofuata nikarudi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufuata mpira. Mwaka mzima nilikimbilia mpira kama kuku anavyokimbilia punje, nao wapinzani wananizungusha. Mtu aliyenitoa huko ni Jaspal. Aliniambia lainbeka hana kazi na mpira. Wewe unasimama katikati, nyuma ya wanene wetu wa mstari wa mbele, na mbele yako yupo mnene wao. Tazama miguu ya yule mnene. Uso wake utakudanganya, mikono itakudanganya, mwenye mpira ndiye mwongo mkubwa kuliko wote, lakini mtu wa kilo mia na arobaini hawezi kuidanganya miguu yake. Kisigino kikiinuka, ameshakwambia anakokwenda. Hilo nimekufundisha tangu una miaka tisa, na ndilo lililokupatia mkataba, usije ukasema ni zile video zako za mitandaoni.

Kosa la pili lilikuwa la kujiona wajanja. Lainbeka ndiye anayewapangia wenzake kwa sauti, na timu pinzani inasikia. Mimi na Jaspal tukaamua tupige kelele kwa Kiswahili. Tukawafundisha wenzetu wote wa timu: kushoto, kulia, rudi, vamia. Ungewasikia vijana wa Kizungu na wa Kijamaika wanavyoitana "vamia, vamia" kwenye mvua ya Februari. Tulishinda mechi nne hivyo. Ya tano, kila nikiita kushoto mkimbiaji wao anapita kulia. Nikiita kulia, anapita kushoto, na anatabasamu. Walitufunga mpaka nikaona aibu kuita kitu chochote. Mechi ilipoisha akanijia, amevua helmeti, Mkongo mrefu mwenye pengo.

"Ndugu, mi nilisikiaka yote," akasema. "Asante sana."

Akaniomba namba ya mwanamke wa kumpikia ugali. Nikampa ya bibi yako. Basi.

Hizi umeshazisikia. Ya Ujerumani umeisikia pia, lakini kwa upande mmoja.

Kweli niliitwa na timu ya huko. Kweli walinilipa, nikapewa chumba juu ya duka la mikate na baiskeli ya kike. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemuoa mama yako miezi minane, na niliamini kwamba nimeshafika. Nilichokuficha ni kitabu. Siku ya pili kocha, Mmarekani mmoja aliyekuwa akiongea kama mtu anayeita mbuzi mlima wa pili, alinipa kitabu cha mipango. Kilikuwa kizito kama msahafu wa bibi yako, kurasa nzima za michoro na maneno madogo. Akaniuliza kama nimezoea vitabu vya aina hii. Nikasema nimezoea sana.

Nilikaa nacho chumbani nikitokwa na jasho. Nikampigia mama yako nikamsomea herufi moja moja, naye akanieleza kila neno lina maana gani, mimba ya miezi sita tumboni, simu kwenye bega, anakaanga samaki. Tulifanya hivyo wiki tatu. Nilikishika chote. Kocha hakujua, wenzangu hawakujua. Kwa hiyo ukinisikia nikisema nilikuwa na kumbukumbu kuliko Wajerumani wote, amini. Mchango wa mama yako ndio huwa nausahau.

Lakini mtihani wa kichwa ulifanyika siku ya kwanza kabisa, kabla ya kitabu. Ujanja alinifundisha Mmarekani mmoja wa timu yetu tukiwa tumepanga foleni mlangoni kwa daktari, tumevaa kaptura. Alikuwa amecheza kwao miaka mingi, kila kidole chake kimeangalia upande wake. Aliniambia siku ya leo uwe mjinga, utanishukuru baadaye.

Nikaingia. Daktari alikuwa mzee mpole. Akanisomea maneno yake kumi, polepole kwa Kiingereza. Yote nilikuwa nayo. Hadi leo ninayo: farasi, dirisha, asali, nyundo, bahari, kiti, karatasi, mwezi, sabuni, daraja. Nikamrudishia farasi, kiti, na sabuni. Akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaandika, na tangu siku hiyo alipokuwa akisema na mimi alikuwa akisema pole pole na kwa sauti kubwa, kama unavyomsemesha mtoto au mgeni. Mimi nacheka moyoni. Nikaona nimemweza. Ujinga wa kuigiza, kwa mtu kama mimi, hawakuhangaika kuuchunguza.

Mechi ya saba nikagongwa. Nilikuwa nimeona kisigino, nimekwenda mapema, nikamkuta mkimbiaji wao njiani, kichwa kwa kichwa. Nilisikia harufu ya pasi ya mkaa, ile ya bibi yako ya Tanga, katikati ya uwanja wa Ujerumani. Niliinuka. Nikawapangia watu wangu mpango, nao wakabaki wananikodolea macho, kwa sababu niliuita kwa Kiswahili. Wakanitoa.

Jumanne daktari akanisomea maneno mapya kumi. Hapo sikuigiza kitu, Twaha. Nilijitahidi mpaka masikio yakawaka moto. Nikapata matano. Mzee alifurahi sana, akanipiga bega, akasema umepata zaidi ya siku ya kwanza, hongera. Hakunikosea. Nilikuwa nimempa mizani mbovu mwenyewe, naye akapima kwa hiyo mizani. Jumamosi nikacheza. Benchi kulikuwa na jamaa mmoja mwenye ndevu anayesubiri nafasi yangu, na mimi nilikuwa na mke na mtoto njiani, hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kuonekana. Kipindi cha pili nikagongwa tena, si sana, pigo la kawaida tu. Nikamaliza mechi. Wameniambia nilimaliza.

Kuanzia hapo nakwenda kwa kupapasa.

Wewe ulikuja kabla ya siku zako. Mama yako alishikwa na uchungu Jumapili alfajiri, bibi yako akanipigia, klabu wakanipakia kwenye ndege. Jaspal alinipokea uwanja wa ndege wa hapa. Miaka mingi baadaye, tukiwa tunapakua mizigo wote wawili kule kazini Longbridge, alinihadithia safari ile, akidhani ananichekesha. Anasema nilipanda gari nikamuuliza tunakwenda wapi. Akaniambia hospitali, Edgbaston. Tulipofika kwenye taa nikamuuliza nani anaumwa.

"Mama mtoto anazaa, wewe."

"Mama mtoto gani?"

"Wacha hizo zako, Mudi. Leo si siku ya kuchekesha watu."

Anasema nilimuuliza mara tatu, naye mara ya tatu alicheka mpaka akapiga honi bila kutaka. Kwa sababu mimi ni mimi. Mtu mwingine yeyote angeuliza hivyo angepelekwa kwa daktari mlango ule ule. Nilikuwa nimewazoesha watu kwamba kila ninachosema ni mzaha, na siku niliyoongea kweli, mzaha ukawa ndio jibu. Hilo nakuachia ulifikirie mwenyewe, maana na wewe una mdomo kama wangu.

Halafu goti, lile ninalosema siku zote ndilo lililonitoa kwenye mchezo. Hilo nalo uliweke sawa. Nilirudi Ujerumani baada ya wiki mbili. Mechi ya kwanza, nikasimama katikati, watu kumi wananiangalia wakisubiri niwaambie waende wapi. Kitabu kizima alichonisomea mama yako, hakuna hata ukurasa. Niliona miguu ya mnene, niliona kisigino, na sikujua kinanieleza nini. Mpira ukapita pembeni yangu kama gari linavyompita mtu kituoni. Kocha akaniita nje. Na mimi, Twaha, nikatoka nachechemea. Hakuna aliyenigusa goti. Nililichagua njiani, kati ya pale katikati na mstari wa pembeni, kwa sababu goti linaeleweka. Nilichechemea uwanjani, nikachechemea kwenye ndege, nikachechemea mpaka mlangoni kwa mama yako. Mvua ikinyesha huwa nalisugua. Ulipokuwa na miaka sita uliniambia, baba, jana lilikuwa hilo jingine. Nikakupa peremende ukanyamaza.

Kichwa chenyewe kilitulia baada ya mwaka na kitu. Maumivu yalikwisha, majina yalirudi, nikapata kazi, nikaanza kusimulia. Mimi si mgonjwa, usinipigie kutoka huko ukiniuliza leo ni siku gani. Na sikukatazi kazi hii. Ningetaka kukukataza ningekufundisha kuangalia mpira.

Nachosema ni hiki. Jumatatu akikusomea maneno kumi, mrudishie yote kumi. Ukiwa nayo tisa, mpe tisa. Akikuuliza umesoma mpaka wapi, mwambie kwa kichwa juu, maana wewe umesoma. Na siku ukigongwa, wakikuweka benchi wiki mbili, kaa benchi. Mwenye ndevu avae viatu vyako. Ukirudi mtavipigania mkiwa wote wawili mnajua mko wapi. Nilikufundisha uongo huu kwa dakika tatu nikipigiwa makofi, na imenichukua miaka mitatu kuutengua, na hata leo naogopa kukwambia uso kwa uso kwa sababu utanikonyeza na mimi nitacheka.

Jana asubuhi nilimwambia mama yako, akiwa anakunja nguo zako. Hakuinua macho. Alilikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka yote hii, Mudi," akasema.

"Miaka yote."

"Mwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Nakwambia basi.

Kila mwaka siku yako ya kuzaliwa huwa nasimulia. Mvua ilikuwa ya upande, mkunga alikuwa mama wa Kijamaika aliyeniambia nikae kabla sijaanguka, ulikuwa mwekundu kama nyanya, nikakupokea kwa mikono hii miwili, nikakuadhinia sikio la kulia, nikakukimia la kushoto, na nilipomaliza ukapiga chafya, chumba kizima kikacheka. Wewe unaipenda hiyo ya chafya. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinirudisha nyuma nikiiruka.

Labda umeona kwamba siku zote namwachia bibi yako aanze. Yeye anasema "mvua ilikuwa ya upande," mimi nadakia. Yeye anamtaja mkunga, mimi naigiza sauti ya mkunga. Nimeigiza sauti ile miaka kumi na tisa. Sijawahi kuisikia.

Sina hata kipande cha siku ile, mwanangu. Nina uwanja wa Ujerumani, kisha nina chumba chetu cha juu, wewe una siku tisa au kumi, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda najiuliza mbona mama yako ameshika mtoto. Maneno ya yule daktari mzee, farasi mpaka daraja, ninayo yote. Lakini siku ulipokuja duniani, neno la kwanza kuingia sikioni mwako lilikuwa la kwangu, na mimi sijui nilivyolitamka, kama sauti ilitetemeka, kama ulifumbua macho. Wanasema ulipiga chafya. Wanasema nilicheka kuliko wote.

Baba yako,
Mudi